Mbona kwenye muvi za Kijapani za vita wao ndio wanaolia tu?

Kaptula_ya_Khaki:
Wakuu salaam. Nimemaliza kuangalia Hotaru no Haka, ile katuni ya Studio Ghibli ya 1988 aliyoiongoza Takahata, ya kaka na mdogo wake wa kike wanaokufa njaa huko Kobe mwaka 1945, na nimelia sikatai. Ila nilipotulia nikajiuliza, hivi hawa si ndio jeshi lao liliua raia Nanjing na Manila na wakaitawala Korea kimabavu? Kwenye muvi nzima adui ni ndege juu na njaa chini, basi. Nikatafuta nyingine tatu nne mambo ni yaleyale, mama analia, mtoto analia, rubani kijana anaandika barua ya mwisho. Sasa Mjapani aliyezaliwa miaka ya 70 au 80, ambaye vita kaijua kwenye TV tu, kichwani mwake ilikuwa vita gani hiyo? Na wanafundishwa hivyo makusudi au imetokea tu? Matusi sitaki, leteni hoja.

Mzee wa Matinee:
Mkuu anzia nyuma kidogo. 1939 serikali yao ilipitisha sheria ya filamu, script inakaguliwa kabla hata kamera haijawashwa. Wakashindwa vita, wakaja Wamarekani na wakaguzi wao, na hao nao mambo ya Hiroshima hawakutaka yaoneshwe hovyo. Muongozaji Kamei Fumio akatoa filamu ya matukio ya kweli 1946 iliyomnyooshea kidole Mfalme Hirohito kwa ajili ya vita, haikukaa sana ikapigwa stop. Kwa hiyo mpaka utawala wa Wamarekani unaisha Aprili 1952 watu wana misiba ya miaka saba hawajaruhusiwa kuilia vizuri hadharani, na waliporuhusiwa wakalia kwelikweli. 1953 ikatoka ya wale wasichana wa shule wa Okinawa waliopelekwa kuuguza majeruhi, Himeyuri no To. 1954 ndo Gojira, yaani Godzilla, lile dude kubwa linalobomoa mji, miezi nane tu baada ya wavuvi wa meli ya Daigo Fukuryu Maru kuangukiwa na majivu ya bomu la nyuklia la Wamarekani lililojaribiwa kule kisiwa cha Bikini, kwa hiyo lile dude halikuwa la kuchekesha hata kidogo kwa aliyekaa sinema mwaka ule.

Ila ukitaka kuelewa tafuta Nijushi no Hitomi ya muongozaji Kinoshita, nayo ya 1954. Mwalimu wa kike kwenye kisiwa cha Shodo na wanafunzi wake 12, anaanza nao wadogo 1928, wavulana wanakua wanachukuliwa vitani. Mwishoni waliobaki wanakutana, mmoja karudi kipofu, anapewa picha waliyopiga utotoni, anapitisha kidole anataja huyu fulani huyu fulani kwa kumbukumbu tu. Usipolia hapo una matatizo. Lakini angalia kitu kimoja, kamera karibu muda wote iko kisiwani. Wale watoto wanapanda boti wanapotea, na huko walikoenda walifanya nini, kwa nani, wewe mtazamaji huendi nao. Sioni uongo hapo kwa sababu watoto walikufa kweli. Ni kwamba fremu imeishia ufukweni.

DadaTamthilia:
Mzee umesema vizuri ila nyie mnaongelea sinema sana, kumbukumbu ya taifa zima inatengenezwa sebuleni. Kule vita ina msimu wake, ni Agosti. Tarehe 6 Hiroshima, tarehe 9 Nagasaki, tarehe 15 kusalimu amri, na TV zote zinaifuata hiyo ratiba, hata hiyo Hotaru mleta uzi aliyoililia Nippon TV wameirusha Agosti nyingi tu. Mpaka wao wenyewe wana jina la kejeli, 'uandishi wa habari wa Agosti'. Sasa mtu akiona kila mwaka vita inaanzia kwenye mabomu ya 1945 badala ya 1931 Japani ilipoivamia Manchuria kule China, unategemea aikumbuke vipi?

Na kuna mchezo wa TV wa 1958, Watashi wa kai ni naritai, kinyozi wa kawaida kabisa kaingizwa jeshini, anaamriwa amchome bayoneti rubani wa Kimarekani aliyetekwa, vita ikiisha anashtakiwa na kunyongwa. Anaacha wosia kwamba akizaliwa tena anataka awe kombe chini ya bahari, huko hakuna vita wala jeshi. Unamuonea huruma mpaka basi, sawa, lakini rubani aliyefungwa kwenye mti wewe unakumbuka sura yake? Mimi sikumbuki.

Ila na Oshin msiisahau!! Tamthilia ya 1983 mpaka 84, kwenye NHK, TV yao ya umma, kila asubuhi, kuna siku ilifika asilimia 62.9 ya watazamaji. Mume wake Oshin alifanya biashara na jeshi na akawahimiza vijana wa mtaani waende vitani, nchi iliposhindwa akajiua kwa ile aibu, na Oshin mwenyewe anajilaumu kwamba alijua si sawa akanyamaza kwa sababu maisha yalikuwa mazuri. Hiyo ni ya asubuhi ya akina mama sio ya wasomi.

njozi_za_saa_nane:
Mleta uzi usiwaweke wote kapu moja. Muongozaji Kobayashi Masaki alipelekwa Manchuria kama askari akakataa kupandishwa cheo, akarudi akatengeneza Ningen no Joken, 1959 mpaka 1961, saa tisa na nusu, mateka wa Kichina wanafanyishwa kazi mgodini kama ng'ombe na Wajapani hawahawa, wanakatwa vichwa mbele ya kamera.

Halafu Mzee kamtaja kipofu wa 1954. Kuna kipofu mwingine, 1963, filamu fupi ya matukio ya kweli ya muongozaji Oshima ilirushwa TV, Wasurerareta Kogun. Hawa ni Wakorea waliopigana kwenye jeshi la Japani wakapoteza mikono na macho, na ilipofika hiyohiyo Aprili 1952 wakavuliwa uraia, pensheni ya askari hakuna, wanaombaomba kwenye treni wamevaa yale mavazi meupe ya majeruhi wa vita. Mmoja anavuliwa miwani myeusi, macho hayapo, na kwenye yale mashimo machozi yanatoka. Oshima anawauliza Wajapani je hii ni sawa? Yule wa kisiwani ana wenzake na picha ya darasa, huyu hana hata serikali ya kuidai haki yake.

Kaptula_ya_Khaki:
Daah. Sasa kati ya hao vipofu wawili Mjapani wa kawaida anamjua yupi?

njozi_za_saa_nane:
Wa kisiwani, hata usiulize. Ile ya Kinoshita ilishika namba moja kwenye orodha ya filamu bora ya jarida la Kinema Junpo mwaka ule, mwaka uleule wa Seven Samurai ya Kurosawa!, na imetengenezwa upya mara kadhaa.

DadaTamthilia:
Za siku hizi zinachomekea kidogokidogo lakini. Kono Sekai no Katasumi ni, katuni ya 2016, Suzu wa mji wa Kure, kapoteza mkono wa kulia, anasikia hotuba ya Mfalme redioni anatoka nje na hasira, na pale chini mjini inapandishwa bendera ya Korea, koloni lao. Sekunde chache tu. Anaanza kusema kumbe mchele na soya waliyokuwa wanakula ilitoka ng'ambo. Ukiinama kuchukua simu umeikosa.

Mzee wa Matinee:
Na wengi huwa wameinama.