Admini yuko Ubelgiji, anataka kadi zetu za mchaguzi sisi wa Goma!

Nimekasirika, mtanivumilia. Kundi letu la mtaa kwenye Telegram, la habari za maji, umeme na usalama, limepata sheria mpya tangu juzi. Kila mwanachama aweke majina yake matatu kama yalivyo kwenye kadi ya mchaguzi, na picha ya sura yake. Halafu amtumie admini picha ya kadi yenyewe pembeni, eti ya kuhakikisha. Asiyefanya hivyo hadi Jumapili anatolewa.

Anayedai hayo anakaa Ubelgiji. Papa admini, nakuheshimu, bila wewe kundi lisingeanza. Lakini wewe ukiandika neno leo likamuudhi mkubwa fulani, kesho utakunywa kahawa na kupanda tramu yako. Mimi niko Majengo. Mji uko mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwisho wa Januari 2025, na kabla yao, tangu Mei 2021, tulikuwa chini ya état de siège, yaani utawala wa dharura wa wanajeshi, na wakati huo pia watu walifungwa kwa maneno. Sijaona bado mtawala wa hapa asiyetaka kujua nani kasema nini.

Na tusijifanye hatujui jina ni nini huku Kivu. Mtu akisoma majina yangu matatu anajiambia ameshajua kabila langu, kama kwetu ni Masisi ama Walikale ama Idjwi, na niko upande wa nani. Niandike tu kwamba bei ya unga imepanda, jibu la kwanza ni "ninyi watu wa kule". Facebook imejaa hayo. Kwa jina la utani nabishana juu ya unga. Kwa jina la kadi nitabishana juu ya babu yangu mpaka asubuhi.

(Babu zetu hawa, kwa njia, waliyaona. Mwaka 1972 rais wetu Mobutu aliamuru watu waache majina ya ubatizo, yeye mwenyewe akatoka Joseph-Désiré akawa Sese Seko. Wazee wakabaki na jina la ofisini na jina la nyumbani, na walijua lipi ni la kumpa nani.)

Sababu inayotolewa ni ule uongo juu ya mwenye duka, aliyesingiziwa kwamba anapeleka habari za watu. Ni kweli ilikuwa vibaya sana, yule papa alifunga duka akahama. Lakini pandeni juu msome tena nani alifanya nini. Akaunti isiyojulikana iliandika mstari mmoja. Waliotia chumvi, waliotaja hadi rangi ya geti lake, walikuwa na majina yao kamili na picha zao za harusi, suti na tai. Hakuna aliyeomba msamaha. Hakuna aliyetolewa!

Korea Kusini walishajaribu dawa hiyo kwa sheria. Kuanzia 2007 tovuti kubwa zililazimika kuhakikisha jina halisi la kila anayetoa maoni. Mwaka 2011 wadukuzi wakaingia Nate na Cyworld, tovuti zao kubwa, wakaondoka na taarifa za watu kama milioni 35. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria: matusi hayakuwa yamepungua kwa maana yoyote. Hata Google+, mtandao wa kijamii wa Google, iliyoanza 2011 kwa kulazimisha majina halisi, iliachana na sharti hilo 2014. Hao wana wataalamu. Kadi zetu sisi, zile zile tunazoonyesha benki na kwenye barieri, zitakaa kwenye simu ya papa mmoja ambayo watoto wake wanachezea mpira.

Kinachoniuma zaidi ni Sambaza. Wa mtaani mnamjua kwa jina hilo tu, la samaki wadogo wa ziwa letu. Maji yalipokatika Januari ile, watu wakashuka ziwani na bidoni, ndiye alikuwa akiandika asubuhi na jioni wapi kuna watu wa kutia klorini kwenye maji na wapi hakuna. Akikosea anarudi kusahihisha kabla hajaulizwa. Sijui kama ni mama ama kijana, na sina haja ya kujua. Jina lile amelitunza, na akidanganya nalo siku moja amekwisha, hakuna atakayemsikiliza tena. Juzi usiku, baada ya tangazo la admini, ametoka kundini bila kusema neno. Haya, nani atatuambia habari za maji sasa? Tramu?

Mkitaka usafi, kila mtu ashike jina moja asilibadilishe, mgeni akae kwanza asome kabla ya kuandika, na anayemshutumu mtu bila ushahidi atoke siku hiyo hiyo, awe na jina la kadi ama la samaki. Hilo nimelipendekeza kundini, ujumbe wangu ukafutwa.

Mimi situmi kadi. Ninyi mlioshatuma, fungueni mazungumzo yenu na admini leo hii, mfute picha na mchague ifutike pande zote mbili, Telegram inaruhusu. Kama alishaihifadhi, mwambieni aifute, na mumwambie mbele ya kundi zima, si pembeni. Na kama kuna mtu anajua Sambaza amehamia wapi, asiandike hapa. Amwambie tu kwamba tunamtafuta.