Malindi: nimelipia grini ya gofu, nimetandikiwa kapeti juu ya kifusi

Wadau wa Pwani, hasa nyinyi mnaomalizia nyumba huku Mayungu, Casuarina na Watamu, someni hapa kabla hamjatoa amana kwa mtu anayejiita mtaalamu wa nyasi bandia. Jina lake silitaji, kesi yetu bado mbichi. Lakini kazi yake leo naivua nguo.

Nyumba ilipokwisha, uani kulibaki kipande kati ya baraza na ukuta. Nikataka kigrini, yaani kiwanja kidogo cha nyasi fupi cha kusukumia mpira wa gofu shimoni, nichezee jioni. Msije na maneno ya "gofu ya matajiri": mimi nilianza kama kedi, nikibeba mifuko ya watu juani, mchezo naujua.

Tuliandikiana: kuchimba, kushindilia, nyasi fupi za gofu, mashimo 3, kasi ya 10. Kasi hiyo si porojo, ina kipimo chake. Ni ufito wenye mfereji aliobuni Edward Stimpson mwaka 1935. Unateremsha mpira humo, kisha unapima umekwenda futi ngapi kwenye nyasi sawa kabla ya kusimama. Kwangu mpira unagota kama umepigwa kwenye godoro.

Nyasi zenyewe kwanza. Grini inataka manyoya mafupi yaliyosongamana, milimita 10 hadi 15 hivi. Yeye kaleta yale marefu ya kupambia roshani na saluni, kidole kinazama. Kumuuliza, ananijibu, "Mzee wangu, zitalala zenyewe zikikanyagwa." Zimelala kweli, zote upande mmoja, na mpira unafuata mlalo.

Hilo ningelimeza. Kinachonichoma ni cha chini.

Uwanja wa nyumba mpya, jamani, si ardhi, ni kifusi. Mafundi wa mjengo wameacha humo mabaki ya matumbawe, mifuko ya simiti na vipande vya mbao, kisha wakamwagia udongo mwekundu juu ili upendeze siku ya kukabidhi funguo. Mitaro ya maji taka imefukiwa juzi tu. Mahali kama hapo lazima patashuka, na masika ndiyo hupashusha. Mtu wa kazi ama anangoja mvua ipite, ama anakitoa kifusi chote na kushindilia kwa mashine. Halafu anatandika kitambaa cha kutenga udongo na mawe, anamwaga kokoto inchi 4 au zaidi, anashindilia tena, anaweka vumbi la kokoto juu, analisawazisha kwa pimamaji na ubao mrefu. Anaviringisha mpira, anarekebisha, anaviringisha tena. Pesa ya grini inakwenda hapo. Nyasi huja mwisho kabisa.

Huyu bwana alikuja na vijana wawili, reki na jembe. Kompakta, ile mashine ya kushindilia, alisema iko Kilifi inakuja. Mpaka leo iko njiani. Kokoto niliyoilipia ilimwagwa toroli chache, tena pembe ile ninayoiona kutoka dirishani.

Masika yakapiga. Mtaro wa choo ukashuka, ukachora bonde kutoka upande hadi upande. Sasa piga mpira utakavyo, mwisho wake ni juu ya paipu ya choo. Na mteremko, ambao tulipatana uelekee ukutani, yeye kautega uelekee nyumbani. Mvua ikikaza, maji yanasimama kwenye msingi, na rangi mpya imeanza kuchubuka.

Mashimo ndiyo kichekesho. Shimo la gofu, uende nchi yoyote, upana wake ni milimita 108. Yeye kakata vipande vya paipu ya choo ya inchi 4, ambayo kwa ndani haifiki kipimo hicho, akavichomeka. Chini akaziba kwa simiti. Simiti! Maji yakiingia hayana pa kutokea. Jana nimemulika tochi, viluwiluwi vya mbu vinaogelea, yote matatu. Malindi hii, na malaria yetu!

Mchanga je? Nyasi hizi hupigwa mchanga wa silika, mkavu, uliooshwa, ukafagiliwa uingie kati ya manyoya. Wangu kauchota ufukweni: chumvi, vipande vya kombe, na lile tope ambalo mto Sabaki unatumwagia kwenye ghuba. Ukikauka unafanya gamba, ukilowa unaziba vitundu vya kutolea maji. Misumari ya pembeni naye kapiga ya kawaida, na hewa ya bahari ishaanza kuila.

Adhuhuri hapakanyagiki kwa miguu mitupu, lakini hilo ni la plastiki na jua, simlaumu nalo.

Sasa anadai salio. "Mzee wangu, ardhi yako ndiyo inayoshuka, nyasi zangu hazina neno." Ardhi inashuka, sikatai! Ndiyo maana nilimwita yeye, sikumwita muuza mazulia.

Nimemwambia achague: afumue aanze upya kutoka chini, au arudishe pesa ya kokoto na ya kushindilia. Akiendelea kuniletea "kesho mzee", nitampeleka Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, wakili si lazima, na karatasi yenye sahihi yake ninayo.

Kama kuna mwingine aliyetandikiwa hivi hivi hapa Malindi, weka picha tuone, hasa za chini ya nyasi kama umeshafumua. Na mwenye kompakta ya kukodisha aandike bei hapa hapa, sitaki "njoo inbox tutaelewana".