Tumeteuliwa tuzo ya nje ila wanataka tununue meza, je hizi tuzo zinaleta wateja kweli?

fundi_wa_ntinda
Habari zenu wakubwa. Sisi tuko Ntinda hapa Kampala, kampuni ndogo tunatengeneza mifumo ya SACCO, yaani mwanachama anaweka pesa kwa mobile money na karani anaona kwenye kompyuta papo hapo. Wateja wetu wengi ni wa Masaka na Mbarara. Sasa imeingia barua pepe inasema tumefika fainali ya tuzo ya kampuni bora ya fedha za kidijitali Afrika, sherehe iko ng'ambo, wala hatukuomba wametutafuta wenyewe, ila ili tuitwe jukwaani lazima tununue meza ya chakula cha usiku na kuweka nembo yao kwenye tovuti yetu ni malipo mengine tena. Bosi amefurahi mno. Kuna kampuni ya Uholanzi tunaongea nayo na yeye anaamini wakiona kikombe tu watasaini. Mimi roho inasita. Kuna mtu hapa tuzo imemletea kazi ya nje?

kaka_mkubwa_256
Tuzo ya kununua meza?? hiyo ni kamati ya harusi sebo, mnachangishwa 😂

mzee_wa_seva
Kaka hapo juu ametania lakini ndo ukweli. Tofautisha tuzo inayokukagua na tuzo inayokuuzia. Angalia ile Africa Prize ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, 2018 Brian Gitta na wenzake walishinda na Matibabu, kifaa cha kupima malaria bila kutoboa kidole, alikuwa Mganda wa kwanza kushinda na alipewa pauni 25,000. Yaani alilipwa yeye, hakulipa! Na kabla ya hapo walioteuliwa wanapitishwa miezi kadhaa ya mafunzo na wataalamu wanaokuuliza maswali mpaka unatoka jasho, kwa hiyo mtu wa nje akisikia umeshinda pale anajua kuna watu walishakuchambua. Hata hivyo usidhani ukishapewa hela kesho yake unauza, kifaa cha hospitali kinahitaji majaribio na vibali na hiyo ni miaka, tuzo haikurushi foleni.

Wengine wa kuangalia ni AirQo wa Makerere. Wao shida yao ilikuwa mashine za kupima hewa kutoka nje ni ghali na zinakufa na vumbi na joto letu, wakaunda zao zinazovumilia, nyingine wakazifunga kwenye bodaboda. 2019 Google.org, tawi la misaada la Google, ikawapa dola milioni 1.3 na leo vifaa vyao viko miji mingine mingi ya Afrika. Ila ona mpangilio, kifaa kilikuwa kinafanya kazi Kampala KWANZA. Numida hivyo hivyo, walikuwa wanakopesha wenye maduka wadogo wasiokuwa na dhamana, vitabu vyao vikionyesha watu wanarudisha ndo wakaingia Y Combinator, programu ya Marekani ya kulea kampuni changa, na 2022 wakapata dola milioni 12.3, mmoja wa waliotoa ni kampuni ya uwekezaji ya Serena Williams yule wa tenisi. Na Beyonic, iliyoanzia hapa hapa, haikupigiwa kelele sana lakini ilikuwa inalipa watu wengi kwa mobile money kwa mpigo bila kukwama, kampuni ya malipo ya MFS Africa wakainunua 2020.

Halafu jina kubwa peke yake halishiki soko, SafeBoda wa app ya kuita bodaboda tunawapenda wote lakini Nairobi waliingia 2018 wakaondoka mwisho wa 2020, corona iliwaumiza.

Kwa hiyo mwambie bosi Mholanzi hataulizia kikombe. Ataulizia SACCO gani naweza kuipigia simu, data inakaa wapi, nani ana nywila za seva, na intaneti ikizimwa kama Januari 2021 wakati wa uchaguzi nyinyi mnafanyaje? Hilo la mwisho msilichukulie kama mzaha, sisi tulikuwa na mteja wa nje wakati ule na maelezo hayakumwingia kabisa, tangu hapo tuna mtu anayekaa Nairobi na funguo zote.

mama_invoisi
Naongeza kwa upande wa makaratasi maana vijana wa kompyuta huwa mnayadharau. Je mmesajiliwa kwa Personal Data Protection Office, ile ofisi ya serikali ya kulinda data za watu? Sheria ya data iko tangu 2019 na mtu wa Ulaya ataomba hicho cheti siku ya kwanza. Pili, huduma mnayouza nje VAT yake ni sifuri badala ya asilimia 18, ila URA, watu wa kodi, watataka ushahidi kwamba imetumika nje kweli, tunza mkataba, invoisi ya EFRIS (ule mfumo wa URA wa invoisi za kielektroniki) na karatasi ya benki ya pesa kuingia, siyo unakuja kwangu Juni unalia. Hiyo hela ya meza ilipeni mkaguzi wa usalama wa mifumo aanze kuwaandaa kwa ISO 27001, kile kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa. Haina picha nzuri ya kupost lakini kwenye tenda inaulizwa.

mtu_wa_arua
Mimi nashangaa kwa nini "nje" mnaona Uholanzi tu. Nje ni Bunia, nje ni Juba! Kongo wameingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, Sudan Kusini tangu 2016, na Bunia mnaongea Kiswahili hiki hiki na mteja, mfumo wenu mkiuweka Kiswahili hata hamhitaji mkalimani. Huku mpakani wafanyabiashara wanavuka kila siku na vikundi vyao vya kuweka akiba bado viko kwenye daftari.

fundi_wa_ntinda
Asanteni sana, mzee na mama mmenisaidia. Bosi nimemsomea yote, meza ameiacha kwa shingo upande, cheti cha data tunaanza wiki hii. Ila hiyo ya Bunia imemkamata! Mtu wa Arua, mfumo wetu unajua shilingi tu, hilo ni tatizo?

mtu_wa_arua
Ni tatizo ndiyo. Kule mtu mmoja anaweka dola asubuhi na faranga jioni, kwa hiyo kila mwanachama awe na akaunti mbili chini ya jina moja na msichanganye kwa kubadilisha kimya kimya, watawafukuza. Na mobile money yao ni Airtel, Orange na M-Pesa ya Vodacom, MTN hawana. Anzeni na hapo ndo mje.