Sangara, sato, magege au kambale: yupi akae na chipsi huku nyanda za juu?

Karai_Uyole
Wakuu, salamu. Banda la chipsi hapa Uyole, Mbeya, linaongeza samaki kwenye menyu. Viazi ni aina ya Sagita, havina shida. Natafuta samaki wa nyama nyeupe asiyevunjika kwenye karai, asiye na miba ya kumkwama mteja, na anayepatikana mwaka mzima. Machaguo ni sangara wa kugandishwa kutoka Mwanza, sato, magege (jamii ya sato) wa Kyela na kambale wa Rukwa. Nataka kumchovya kwenye rojo la ngano. Yupi, na kwa nini?

Mpaa_Samaki
Kwa rojo ni sangara, wala usihangaike. Mnofu wake ni mnene na hauna miba midogo katikati ya nyama. Ukiiva unaachana kwa mabamba makubwa, ndiyo maana unakaribia sana cod na haddock wanaotumiwa Uingereza kwa chakula hichihichi. Chukua mnofu wa mgongoni. Wa tumboni una mafuta mengi, rojo linateleza na kubaki bichi kwa ndani. Kata vipande vya gramu 120 hadi 150, unene wa sentimita 2. Vikizidi hapo, nje kunaungua kati hakujaiva.
Na ukiona vijisangara vidogo vya bei ya kutupa, achana navyo: chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na mnofu wake ni mwembamba haukufai.

Mama_Ntebela
Mpaa Samaki, kwa rojo sikupingi, ila mbona unampita magege kama hayupo? Magege wa ziwani Nyasa akipanda asubuhi kupitia Tukuyu anafika Mbeya akiwa bado na matamvua mekundu, na utamu wake sangara wa barafu haufikii. Kosa ni kumtoa mnofu. Yeye na sato, ukiwatoa minofu unabaki na kama theluthi moja tu ya uzito: kilo 3 sokoni, kilo 1 kwenye karai. Halafu kuna mstari wa miba sehemu ya mbele ya mnofu, lazima uukate kwa umbo la V, nyama inapungua tena.
Mpike mzima. Gramu 300 hadi 350, chale tatu kila ubavu mpaka kisu kiguse mfupa, chumvi na ndimu dakika 15, mkaushe kabisa, bila rojo. Dakika 8 hadi 10 anatoka mkavu, na mteja wa kwetu anajua kumla na miba yake.
Mbasa, samaki mwingine wa Nyasa, usimguse kwa kazi hii. Ni mtamu mno, lakini miba yake myembamba imetawanyika ndani ya nyama yote. Huyo ni wa kuchoma, aliwe taratibu.

Karai_Uyole
Asante mama. Nimejaribisha sangara kwa rojo: linavimba vizuri, kisha linabanduka kama ganda na chini kuna majimaji. Mafuta nayo yanatoa povu na moshi. Ni alizeti ya mashine ya mtaani.

Fundi_Mafuta
Hapo kuna mambo matatu, mkuu.
Kwanza mafuta. Alizeti iliyokamuliwa bila kusafishwa huanza kutoa moshi karibu nyuzi 110, wewe unataka 170. Hiyo ni ya mboga. Kwa karai nunua iliyosafishwa.
Pili maji. Minofu ya kugandishwa hufunikwa ganda la barafu. Ukiiyeyusha kwenye ndoo ya maji inanywa zaidi. Iyeyushe kwenye friji usiku kucha juu ya chujio. Asubuhi weka chumvi kijiko cha chai 1 kwa kilo, subiri dakika 20, futa kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kisilowe, pakaza ngano kavu, ndipo uchovye. Ukiruka ngano kavu, rojo halina pa kushika na mvuke unalisukuma nje.
Tatu ni mwinuko, na hili wengi hawalijui. Mbeya tuko kama mita 1,700, maji yanachemka karibu nyuzi 94. Maji yaliyomo ndani ya samaki hayapandi zaidi ya hapo, lakini ganda la nje linapata joto lote la mafuta. Ukifuata nyuzi 180 za vitabu vya pwani, rangi inawahi kuliko kuiva. Shusha hadi 170, kaanga dakika 5 hadi 6. Punguza na baking poda, maana hewa huku inatanuka zaidi, ganda linakuwa na matundu na kunywa mafuta.
Rojo la kilo 1 ya mnofu: ngano gramu 200, kornifulawa gramu 50, chumvi kijiko cha chai 1, baking poda kijiko cha chai 1 kisichojaa, maji ya barafu mililita 300. Koroga kidogo tu, vidonge vibaki. Ukikoroga sana linavutika na kuwa gumu. Mafuta lita 3, vipande visizidi vinne kwa mpigo.

Ipogolo_Chipsi
Huku Iringa tunapata perege wa bwawa la Mtera, mambo yake ni yaleyale ya magege. Nyongeza kwa viazi: baridi ya Juni na Julai inageuza wanga kuwa sukari, chipsi zinakuwa kahawia kabla ya kuiva. Viweke ndani siku kadhaa kabla ya kuvimenya. Kaanga chipsi mara ya kwanza nyuzi 140, dakika 5, pumzisha, kisha samaki, kisha rudisha chipsi dakika 2. Na samaki awe na karai lake, mteja wa chipsi mayai hataki harufu.

Karai_Uyole
Kambale je?

Mama_Ntebela
Mwili wake una utelezi, msugue kwa chumvi na ndimu, osha mara mbili, menya ngozi, kisha ondoa mstari mwekundu wa nyama ubavuni. Harufu ya tope hukaa zaidi humo na kwenye ngozi. Hata hivyo nyama yake ni laini, kwenye rojo inalegea. Mweke kwenye mchuzi, baba.