Tiba ya simulizi: nitampata wapi anayeitoa, Moshi au Arusha?

Habari zenu. Nipo Majengo, Moshi. Tangu duka langu la vitenge liungue, ukoo mzima unaniita "yule aliyefilisika", na siku hizi hata mimi najiita hivyo. Daftari la madeni nalala nalo chini ya mto. Daktari mmoja alinisikiliza dakika kumi, nikatoka na vidonge vya usingizi. Hii tiba ya simulizi ikoje?

Jibu: Pole sana dada. Ni ushauri wa kuongea, unaokusaidia kuisimulia upya habari ya maisha yako. Waanzilishi wake ni Michael White wa Australia na David Epston wa Nyuzilandi, miaka ya 1980. Msingi wake: mtu si tatizo, tatizo ndilo tatizo. Nilipofiwa na mume, mshauri aliniuliza huzuni huja saa ngapi, huniambia nini, kana kwamba tunamsema mgeni msumbufu. Kisha akauliza ni lini nilimshinda. Nikakumbuka siku niliyopalilia migomba mpaka jioni bila kulia. Akaniandikia barua kuhusu siku hiyo. Ninayo kabatini hadi leo.

Jibu: Anzia hospitali ya KCMC hapo Moshi, idara ya afya ya akili. Usiogope kumuuliza mwanasaikolojia: umesomea tiba ya simulizi, wapi, na umeitumia kwa watu wa namna gani? Ukimkosa Moshi na Arusha, wapo wanaoongea na wateja kwa video. Vidonge usiviache bila kumwambia daktari.

Muulizaji: Asanteni mno. Huyo mgeni wangu huja saa kumi alfajiri, na huanza na deni la kodi ya fremu.