Michango midogo ya kripto kwa mradi wangu, niweke vipi?

mwana_tahajia: Wadau habari za saa hizi. Nina kikagua tahajia cha Kiswahili nimekitengeneza mwenyewe, ni cha bure, seva dola 6 kwa mwezi natoa mfukoni. Watu wa hapa Mombasa hunirushia mia, mia mbili kwa M-Pesa, shida ni walio nje, kuna jamaa wa Muscat na mwingine yuko Ujerumani wataka kutuma dola 2 hivi za Bitcoin. Nibandike tu adresi kwenye ukurasa yaishe ama kuna mtego?

kibubu: Mtego upo. Mimi nilibandika hivyo hivyo, mwaka mzima nikapata michango 14 ya kama dola 2 nikajiona bosi. Siku ya kutoa ndo nikajua ada ya Bitcoin haiangalii unatuma hela ngapi, inaangalia uzito wa muamala, na kila mchango ulioingia ni kipande kivyake, yani ni kama umepanda daladala na gunia la sarafu halafu konda anadai nauli ya kila sarafu 😂 Kipande kimoja kina baiti kama 68, ada ikiwa satoshi 50 (satoshi ni vile vijipande vidogo, milioni 100 ndo Bitcoin moja) kwa kila baiti, hiyo ni satoshi 3,400, bei ya Bitcoin moja ikiwa dola 60,000 basi dola 2 yote imeliwa. Nilisubiri wiki kadhaa ada zishuke. Na Aprili 2024 siku ile ya halving (malipo ya wachimbaji wa Bitcoin yalipokatwa nusu) wastani wa ada ulipita dola 100 kwa muamala!!

fundi_tanga: Tumia Lightning mkuu, ni njia ya kutuma Bitcoin ndogo ndogo haraka, hata satoshi 100 zinaingia na makato hayafiki popote. Chukua pochi inayokupa adresi kama ya barua pepe, mtu anaandika tu anatuma. Pochi za hivyo nyingi hela anakushikia mwenye kampuni, kwa hela ya vocha sio mbaya ila usiache irundikane. Ukitaka usimamie mwenyewe kuna BTCPay Server, programu ya kupokea malipo ya Bitcoin, ni ya bure, ila hiyo seva yako ya dola 6 itakohoa.

mama_ushungi: Na asikudanganye mtu uweke USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata bei ya dola) ya mtandao wa Tron peke yake. Mimi ninazo 9 zimekaa tu, kuzitoa lazima niwe na TRX, sarafu ya Tron yenyewe, kidogo ya kulipia ada na sikuwa nayo, mpaka leo naziangalia kama samaki wa kwenye tangi. Kingine, adresi ya Bitcoin ukishaianika kila mtu anaona umepokea ngapi. Yale maneno 12 ya siri ya kurudishia pochi andika kwenye karatasi, usipige skrinshoti.

mwana_tahajia: Shukran sana. Nimeweka Lightning jana usiku, wa Muscat ashatuma satoshi 1,500 na ujumbe juu: "kaka, ghadhabu bado yapigwa mstari mwekundu". Kweli, nimeangalia, neno halimo kwenye orodha.