Developa lazima iwe nyuzi 20 hata Dar?

Hasi35 (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Nasafisha filamu nyeusi na nyeupe nyumbani, HP5 Plus ya Ilford ya milimita 35, kwa ID-11, developa (dawa ya kutokeza picha) ya Ilford hao hao. Kila mwongozo wa mtandaoni unasema developa iwe nyuzi 20, ukizidisha utapata chembe nene na ukungu (weusi usiotakiwa kwenye filamu). Msimu huu maji ya bomba yanatoka yakiwa na nyuzi 29. Suluhisho linalopendekezwa ni barafu, lakini tangi likikaa dakika 13 kwenye chumba chenye nyuzi 31, hadi namaliza kipimajoto kinasoma 22 au 23. Wengine wanasema achana na hayo yote, tia Rodinal (developa nyingine) 1+100, yaani sehemu moja ya dawa kwa mia za maji, acha saa nzima bila kugusa, joto halina maana. Nyuzi 20 ni sharti la kemia au ni mazoea ya nchi za baridi? Na nikitaka kusafisha kwa 29, nifanyeje?

Kibweta

Si sharti la kemia. Kinachobana ni muda na joto vikienda pamoja. Ilford wenyewe wanatoa chati ya kubadilisha muda kufuata joto. Kwa makadirio, kila nyuzi moja inayopanda punguza asilimia 10 ya muda uliobaki.

Piga hesabu kwa HP5 Plus ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga). Kwa nyuzi 20, ID-11 isiyochanganywa na maji ni dakika 7 na nusu, 1+1 ni 13, 1+3 ni 20. Ukipunguza muda hivyo mpaka joto la 29 unapata takriban dakika 3, 5, na 7 na robo tatu. Hapo ndipo tatizo la kweli lilipo, na miongozo mingi inalipita: si joto, ni ufupi wa muda. Kumimina dawa kunachukua sekunde 10 hadi 15. Kwenye dakika 3 hiyo ni sehemu kubwa, upande uliolowa kwanza unapata zaidi, na mbingu inatoka na mabaka. Usishuke chini ya dakika 5. Kwa hiyo tumia 1+3.

Angalia kiasi cha dawa. Tangi la ml 300 kwa 1+3 lina ml 75 tu za dawa halisi, ni kidogo kwa filamu nzima. Chukua tangi la rili (vigurudumu vya kuzungushia filamu) mbili: filamu rili ya chini, rili tupu juu, dawa ml 150 na maji ml 450. Ukimaliza mwaga, haitumiki tena.

Developa, fiksa (dawa ya kuifanya picha isibadilike tena kwenye mwanga) na maji ya kusuuzia vyote vikae ndani ya beseni moja la maji ya bomba kwa nusu saa kabla ya kuanza, na tangi nalo likae humo muda wote. Pindua tangi mara nne katika sekunde 10 za mwanzo, kisha mara nne mwanzoni mwa kila dakika.

Kuhusu barafu: developa inakuwa 20, halafu unasuuza kwa maji ya bomba ya 29. Tabaka la jelatini linalobeba picha linaruka nyuzi 9 kwa mpigo. Filamu za siku hizi zimekazwa, hazipasuki ovyo, lakini mruko wa namna hiyo ni wa kuepukwa. Vyote vikiwa 29, hakuna mruko.

chumba_cha_giza (Nairobi)

Nakubaliana na Kibweta, ila ile asilimia 10 ukivuka nyuzi 24 ichukulie kama mahali pa kuanzia tu. ID-11 ina metoli na haidrokwinoni, kemikali zinazotokeza picha, na hizi mbili haziongezi kasi sawasawa joto linapopanda. Haidrokwinoni ndiyo inayochangamka zaidi, kwa hiyo sehemu za mwanga zinaweza kujaa kabla ya vivuli.

Piga filamu ya majaribio: mtu mwenye shati jeupe juani, na kivuli kizito kwenye fremu hiyo hiyo. Safisha kwa dakika 7 na robo tatu, kausha, kisha laza negativu (filamu iliyosafishwa) juu ya ukurasa wa gazeti penye mwanga mzuri. Herufi zisomeke kupitia sehemu nyeusi kuliko zote, yaani lile shati, maana kwenye negativu cheupe huwa cheusi. Zisiposomeka, punguza muda kwa asilimia 10. Kama shati liko sawa lakini kivuli ni kitupu kabisa, usiongeze muda wa dawa. Mwanga haukutosha kwenye kamera, weka kipimo ISO 250 badala ya 400.

Ukipata njia rahisi ya kushuka hadi 25 au 26, shuka, unapata nafasi zaidi. Mtungi wa udongo unasaidia, ingawa kwa unyevu wa pwani haupoozi kama bara. Ila ukipooza developa, pooza na maji ya kusuuzia. Huku kwetu shida ni kinyume: Julai maji ya bomba yanaweza kuwa chini ya 20, na muda unaongezwa.

Nyali_120 (Mombasa)

Nijibu la Rodinal, maana ushauri huo unaharibu filamu za watu. Filamu isipotikiswa, bromidi (mabaki ya kemia ya usafishaji) inayotoka sehemu nyeusi inateremka polepole na kuzuia dawa inapopita. Kwenye milimita 35 utaona michirizi inayoanzia kwenye matundu ya pembeni. Ongeza saa nzima kwa nyuzi 29 na ukungu wa chini unapanda. Joto lina maana hapo kuliko popote.

Tena, jelatini iliyolowa maji ya moto huvimba na kulainika. Kodak walikuwa na fomula ya nchi za joto, DK-15, yenye sodiamu salfeti ya kuzuia uvimbe huo. Kwa 29 na filamu ya kisasa huhitaji kufika huko, ila usipitishe vidole wala mpira wa kukamulia maji. Ning'iniza tu.

Fiksa ya haraka 1+4: kata kipande cha mwanzo wa filamu, kitumbukize, hesabu sekunde mpaka kiwe angavu, kisha zidisha mara mbili. Kuosha, tumia njia ya Ilford: jaza maji, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua 10, mwaga, jaza, pindua 20. Haili maji mengi. Kama unatumia maji ya kisima cha chumvi, suuzo la mwisho liwe maji yaliyochujwa, la sivyo utaona madoa meupe. Feni usiiwashe, inaleta vumbi.

Hasi35

Asanteni sana. Nimeelewa: 150 kwa 450, kila kitu beseni moja, naanza na dakika 7 na robo tatu. Swali la mwisho: dawa halisi niliyokwishakoroga itakaa muda gani kwa joto hili?

Kibweta

Ilford wanatoa miezi 6 kwa chupa iliyojaa na kufungwa vizuri, mwezi mmoja ikiwa nusu. Kwa joto lako hesabu pungufu. Igawe kwenye chupa ndogo za kioo za ml 150, jaza mpaka mdomoni, ukifungua moja imalize siku hiyo. Ikigeuka kahawia, mwaga. Usiiweke kwenye friji, chumvi zinaganda chini na kipimo chako hakitakuwa sahihi tena. Na uandike DAWA YA PICHA kwa herufi kubwa, watoto wasije wakadhani ni soda.